Mwenye Mizani

Umbali naujua bila kutazama karatasi:
kilomita mia na ishirini na ushei,
maji matupu, kutoka uwanja wetu wa Fagali'i
mpaka ule wa Tafuna, kisiwa cha pili.
Muda, dakika thelathini na tano;
upepo ukikaza, arobaini.
Abiria huuliza, nami hujibu huku naandika.
Wasichouliza ni siku.

Kwani katikati ya maji yale umepita mstari
usio na boya wala rangi.
Ukiuvuka unaikuta jana
imekaa kitako inakungoja, chai yake haijapoa.
Unaruka Jumatano saa tatu asubuhi,
unatua Jumanne, saa tatu na dakika thelathini na tano.
Wageni hucheka, huzipiga picha tiketi zao.
Sisi tumezoea. Binamu yangu Sinapati
alikula keki ya kuzaliwa mara mbili, huku na kule,
umri ukabaki uleule, tumbo ndilo lililoongezeka.

Kazi yangu ni mizani.
Si ile ya washairi. Hii ya chuma,
zamani ikipima magunia ya nazi kavu,
sasa inapima watu,
maana ndege ni ndogo na haijui mzaha.
Kila mtu hupanda na alichobeba.
Kilo nazisoma kimoyomoyo, nisimfedheheshe mtu,
na rubani Ropeti huwapanga vitini
kama mama anayepanga vyombo kabatini.

Leo kaja Lagimaina wa Vaimoso,
mkeka begani, ule mwororo kama kitambaa,
wenye manyoya mekundu pindoni,
unaosukwa miezi na kutolewa siku moja.
Nikajua. Mkeka ule hausafiri bure.

"Nani?"
"Tuliau. Kaka yangu. Simu imelia
saa kumi na moja kasorobo, hata majogoo bado."

Akapanda. Kilo themanini na nne.
Akashuka, akaulaza mkeka juu ya meza yangu,
akapanda tena. Themanini na mbili.
Akaitazama nafasi ya zile kilo mbili
kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Nikifika kule itakuwa Jumanne?"
"Jumanne."
"Na yeye kafa Jumatano."

Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika.
Ningeweza kumwambia kwamba jua halirudi nyuma,
ni majina tu tuliyozipachika siku;
kwamba kule nako alfajiri imekwisha kupita,
wamekwisha kumvika shati jeupe,
na wapwa wanabishana juu ya jeneza.
Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza.
Naye aliiweza. Amevuka mara hamsini.

"Jumatano," nikasema. "Kwa kalenda yetu."
"Basi leo nitawahi," akasema,
akauchukua mkeka. "Maisha yake yote
alikuwa akinilaumu kwamba nachelewa."

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka juu ya minazi,
ikawa nzi, ikawa hakuna.

Iosua wa upande wa pili ana mzaha wake.
Kila asubuhi hunipigia redioni:
"Habari za kesho?"
Nami humjibu, nzuri, kuna mvua kidogo, njooni na miavuli.
Leo aliuliza vilevile.
Nikanyamaza mpaka akadhani chombo kimeharibika.
"Iosua, yupo mama mmoja mwenye mkeka.
Mpokee taratibu. Usimtajie siku."

Saa tatu na dakika thelathini na sita: wametua.

Nilipokifunga kitabu ndipo nikaona
nimeandika themanini na mbili.
Zile za mkeka hazimo.
Kilo mbili zimevuka mstari bila kuandikwa,
na Ropeti, aliporudi saa sita,
alisema ndege ilikuwa nzito kidogo wakati wa kuruka,
labda ni joto.
Nikamwambia, labda.